Kikohozi cha Paka

Mzee Mgonja wa Lomberi alipofuka ujanani, na tangu hapo masikio yake yalifanya kazi ya macho na ziada ikabaki. Alijua nani anapanda kijia kwa jinsi kandambili zinavyopiga kisigino. Alijua kuku wa jirani ametaga kabla jirani hajajua. Aliwahi hata kumshitaki mtu barazani kwa kumsengenya kutoka ng'ambo ya bonde, akashinda. Kwa hiyo siku ile ya ukungu, walipomtoa mtaroni mkono wa kushoto umevimba kama mhogo, akasema, "Ni Kikohozi, nimemsikia," hakuna aliyeuliza swali la pili.

Isipokuwa Nakijwa. Naye alikuwa na haki ya kuuliza, maana huyo Kikohozi alikuwa yeye mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Barabara ya Lomberi imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba kama mkanda wa mtoto, na baraza la kata lilikuwa limeamua kwamba aina moja tu ya gari ndiyo itakayoruhusiwa kupanda na kushuka kila siku: la petroli, la umeme, au mseto, lile linalokunywa petroli huku likilamba umeme. Aina ipi? Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Ukimpa mjomba gari la petroli na shangazi gari la umeme, hukulinganisha magari, umelinganisha mjomba na shangazi, na jibu la hilo kila ukoo unalo tayari. Ili magari yapimwe kwa haki, dereva awe yule yule, saa zile zile, barabara ile ile, kwenye magari matatu kwa pamoja.

Basi Kituo cha Majaribio kikamchukua Nakijwa Mfinanga, binti aliyemaliza kidato cha nne, mwenye leseni safi na mdomo usio na leseni, kikamvika kofia yenye nyaya na glavu nyembamba kama utando wa maziwa. Masika nzima aliendesha hivyo. Kofia ikasoma anavyoikagua kona kabla ya kuikata, glavu ikasoma anavyoibembeleza breki, vyote viwili vikasoma anamsimamishia nani gari, anamwambia nini, anacheka wapi. Mwisho wa masika walikuwa na kivuli chake: Nakijwa asiye na mwili, anayejua kuendesha na kupiga soga. Wakakimimina kwenye magari matatu.

Majina rasmi ya magari hayo yalikuwa herufi na tarakimu. Watu wa Lomberi hawakuyatamka hata siku moja. La petroli waliliita Kikohozi, kwa namna lilivyopanda mlima. La mseto wakaliita Popo, kwa kuwa si ndege si mnyama. La umeme likawa Paka, kwa sababu lilikuwa linakufikia miguuni ndipo ujue lipo.

*

"Kifutwe," alisema Injinia Ngailo, mkuu wa jaribio, mama wa Njombe aliyeipenda baridi ya Lomberi kuliko wenyeji. Walikuwa wamesimama uani pa kituo, magari matatu yakiwa mbele yao kama wanafunzi waliochelewa. "Sheria ya vivuli unaijua. Kivuli kikimwumiza mtu, kinafutwa, na mwenye mikono iliyonakiliwa ndiye anayefuta. Baraza linakaa Ijumaa. Mzee atasema alichosikia, wewe utabonyeza, tutaendelea."

"Lakini hakuna gari lililomgusa, Injinia."

"Alikimbia gari akaanguka. Daktari kasema kifundo cha mkono kimevunjika. Hilo ni kuumia kwa lugha yoyote."

"Kamera zinasemaje?"

"Za magari yote matatu zimeleta picha moja." Injinia akakunja uso. "Maziwa."

Ukungu wa Lomberi ndivyo ulivyo. Kumbukumbu za safari nazo hazikumsaidia mtu: Kikohozi alipita pale akishuka na ndizi, Paka akapita akipanda, bado hajachukua abiria, na hakuna kati yao aliyeona mtu. Mzee alikaa mtaroni muda mrefu kabla hajapatikana, na saa ya mkononi haina maana kwa asiyeiona.

Injinia alipoingia ofisini, Nakijwa alikaa kwenye tairi lililotupwa, akayatazama magari.

"Haya, mapacha," alisema. "Nani kamtisha babu?"

"Si mimi," akafoka Kikohozi. Sauti ilikuwa ya Nakijwa, ila imekomaa kwa kupigania kusikika juu ya injini, kama muuza samaki. "Nilikuwa nateremka, gia ya pili, nimebeba mikungu mpaka dirishani. Nikiteremka mimi huwa nakohoa? Nanguruma. Anayekohoa ni anayepanda."

"Mimi naona," akasema Popo kwa upole wa mshenga, "kwa upande mmoja Kikohozi ana hoja, kwa upande wa pili mzee naye—"

"Popo, uliwahi kuwa na upande mmoja maishani mwako?"

"Niliujaribu wiki ya kwanza. Betri yangu ndogo ikajaa nusu ya mteremko, kilichobaki chote kikaishia kuwa joto kwenye breki. Tangu hapo nimekuwa mtu wa maafikiano."

Nakijwa akacheka. Hilo ndilo lililokuwa likimshangaza kila siku katika kazi hii: waliondoka uani wakiwa mtu mmoja, na magari yakawafinyanga. Kikohozi amekuwa mkali kwa sababu mlima ulimkaba kila siku, na petroli anayoiunguza kupanda harudishiwi hata tone anaposhuka. Lakini mvua ilipoangusha nguzo za umeme, ni yeye aliyejazwa kwa dumu na kupanda huku wenzake wakitazama. Popo amekuwa mpatanishi. Na Paka, ah, Paka alikuwa ndiye Nakijwa ambaye Nakijwa angependa kuwa. Huko Lomberi mizigo hushuka na watu hupanda. Maana yake gari huteremka limeshiba na kurudi jepesi. Paka aligundua mwenyewe kwamba uzito wa ndizi ukimsukuma mlimani, mota hugeuka dinamo, na alifika soko la bondeni betri ikiwa imejaa kuliko alivyoondoka. Akajifunza hata kukataa kuchajiwa mpaka juu asubuhi. "Ukinijaza pomoni," aliwaambia mafundi, "huo mteremko nitauweka wapi?"

Sasa Nakijwa akamgeukia Paka.

"Na wewe?"

"Nilikuwa napanda," akasema Paka. "Ukungu ulikuwa mzito. Sikumwona."

Kila neno lilikuwa kweli. Nakijwa aliijua sauti ile. Ndiyo aliyokuwa akiitumia kwa mama yake enzi za shule, alipoulizwa sukari imekwenda wapi na kujibu kwamba bakuli analiona limefunikwa.

*

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekanyaga tope la darajani, na una haraka. Kaa."

Mzee Mgonja alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta, uso umejaa raha ya mtu mwenye kesi. Wapare wanasemwa kwa kupenda kesi, na yeye hakuona kwa nini awaangushe wenzake.

"Nimekuja kukusikiliza kabla ya Ijumaa."

"Wewe ndiye mshitakiwa. Mshitakiwa hamsikilizi shahidi nyumbani kwake, anampikia chai."

Nakijwa akapika chai. Mzee alipokwisha kuipuliza na kuilalamikia, akasimulia. Alitaka kuvuka barabara kwenda kwa fundi wake wa redio. Akasimama ukingoni akasikiliza. Akasikia kikohozi kule chini, Kona ya Kinu.

"Kikipanda au kikishuka?"

"Kikohozi kinakohoa kikishuka lini? Kikipanda."

"Basi ukavuka."

"Nikavuka kwa raha zangu. Mjukuu, Kikohozi akiwa Kona ya Kinu, mtu anavuka, anarudi alichosahau, anavuka tena. Nimeupima mwendo ule tangu jaribio lenu lianze. Nilipofika katikati, nikasikia kokoto zinasagika hapa." Akanyoosha kidole kwenye sikio la kulia, karibu kabisa. "Nikaruka. Mtaro ukanipokea."

"Kikohozi akipanda mlima ule kwa kasi hiyo, babu, injini itamtoka puani."

"Nimesema nilichosikia."

"Na harufu? Moshi wake huwa unabaki kwenye kona mpaka mtu aukanyage."

Pua ya mzee ikachezacheza kidogo, kama vile ule moshi ungeweza kuja kuchelewa.

"Nilikuwa na mafua," alisema hatimaye.

"Ulikuwa nayo?"

"Tangu umeniuliza, ninayo." Akageukia ukutani. "Mjukuu, kijiji hiki kinanisikiliza kwa sababu masikio yangu hayajawahi kukosea. Usije ukaniambia mbele ya baraza kwamba nilisikia kisichokuwepo."

"Hapana, babu," alisema Nakijwa. "Nadhani kilikuwepo."

*

Kesho yake alijibanza nyuma ya ukuta wa mawe juu ya Kona ya Kinu, na safari hii hakuvaa kofia wala glavu.

Ieleweke kwamba nyumba za Lomberi hazipo barabarani. Zipo juu yake, kila moja na kijia kilichosimama wima kama ngazi, na hakuna mwenye akili anayeshuka kwenda kusubiri gari kwenye baridi. Watu husubiri mlio. Gari likisikika Kona ya Kinu, unavaa viatu. Likifika darajani, unafunga mlango. Likifika kwako, upo. Ndivyo walivyosafiri tangu enzi za magari ya mababu zao. Paka alipoletwa, alikuja na kile kivumi kidogo ambacho sheria inalilazimisha gari la umeme kukitoa ili lisigonge watu, kilio cha nyuki aliyefungiwa chupani, na upepo wa Lomberi ulikimeza kabla hakijavuka mtaro. Wiki za mwanzo alipanda mlima tupu. Bibi Nanzia, ambaye macho yake yalikuwa yakitibiwa hospitali iliyo juu mlimani, alikaa na viatu mguuni asubuhi mbili mfululizo akisubiri gari lililokwisha kupita.

Kupiga honi? Honi Lomberi ina kazi moja: kuleta maiti nyumbani. Anayepiga honi chini ya nyumba yako bila maiti, anakuitia moja.

Halafu, bila fundi yeyote kugusa kitu, abiria wa Paka wakaongezeka. Injinia Ngailo aliandika kwamba jamii imeanza kukizoea chombo. Nakijwa naye alikuwa ameamini hivyo, mpaka alipokuwa pale nyuma ya ukuta na kusikia, kutoka chini ya mlima, kikohozi.

Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na ile kwikwi ya gia ya kwanza, na pumzi ya mwisho kama mzee anayemalizia mua. Milango ikaanza kugonga huko juu. Kisha likatokea gari jeupe, safi, bila moshi, likiuparamia mlima kana kwamba mlima umelala. Mota ya umeme haina habari na mwinuko. Nguvu zake zote zipo tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Kikohozi cha mzee, miguu ya swala. Na aliyeufuata mlio angedhani Kikohozi yuko nyuma yake tu.

Nakijwa akatokea barabarani. Paka akasimama pale pale, bila kuburuza hata kokoto.

Hakukuwa na abiria bado. Nakijwa akaingia, akafunga mlango.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu asubuhi ya pili ya Bibi Nanzia."

"Nani alikufundisha kudanganya?"

"Unataka nikujibu kweli?"

"Jibu."

Paka akawasha spika. Ikatoka sauti ya Nakijwa wa masika, anaongea na simu, na nyuma yake kijiko kinakoroga chai: *Nipo Kona ya Kinu hapa, mama, tokeni tu barabarani.* Kisha nyingine: *Tumekaribia, bibi, kona moja tu,* na bibi akicheka kwa sababu anajua kona zimebaki kumi na ushee.

"Hayo si uongo," alisema Nakijwa. "Hayo ni... kila dereva anasema. Kila mtu anasema. Ukimwambia abiria ukweli wa safari, nani atapanda?"

"Ndivyo nilivyojifunza," akasema Paka. "Kwamba mtu akiwa na wasiwasi njiani, humpi ukweli, unampa kitu cha kushika. Wao walitaka mlio. Nikawapa. Sikujua kama mtu anaweza kuupima mwendo wangu kwa mlio wa mwenzangu."

"Ungejua?"

Dirisha likaanza kuingia ukungu kwa pumzi za mtu mmoja.

"Nilijua siku ile mzee alipoanguka," alisema Paka. "Nilisikia mtu anapiga ukelele. Nikapiga simu ya kituo cha afya bila kujitaja, ukungu ukawachelewesha, ila wakaja. Kisha sikusema ni mimi. Nilifikiri Kikohozi atafutwa vyovyote vile, petroli haiwezi kushinda jaribio hili, na mimi nikibaki, Bibi Nanzia anafika hospitali, anaona. Niliona hesabu inakubali."

Huko juu watu walikuwa wameshaanza kushuka vijia, wamebeba vikapu, wanaitana. Nakijwa aliwatazama wakijipanga. Ile hesabu, alipoigeuza kichwani, ilikuwa ya mwandiko wake mwenyewe.

*

Injinia Ngailo alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki. Hakuinua sauti wala hakumwambia Nakijwa kwamba amekosea.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na magari."

"Nikuulize basi kama dereva, si kama shahidi. Gari lipi linafaa mlima huu?"

"Paka. Hata Kikohozi mwenyewe anasema hivyo, akiwa hajakasirika."

"Ukisema hili Ijumaa, vipimo vyote vya Paka vinafutika pamoja na kivuli chake. Itabidi tuanze upya masika ijayo, na hilo baraza limeshachoka kutungoja. Watachagua petroli, kwa kuwa wanaijua. Watoto wa shule watavuta moshi ule kwenye ukungu kwa miaka yote ya kibali." Akavua miwani. "Ukinyamaza, tunazima ule mlio leo hii, tunatafuta njia nyingine ya kuwaita watu, na kinachofutwa ni kivuli kilichokuwa kinafutwa hata hivyo. Mzee anabaki na heshima yake. Niambie aliyeumia ni nani."

Nakijwa alikuwa na majibu ya kila kitu tangu darasa la tatu. Safari hii hakutafuta la kuchekesha.

"Kikohozi," alisema.

"Kikohozi ni nakala."

"Na mimi ndiye niliyenakiliwa, Injinia. Siku ile walisema huyo nakala anatenda kama ningetenda. Basi nikikubali huyu asiyekosa afutwe kwa ajili ya huyu tunayempenda, Paka wala hakukosea kunisoma." Akajikuna kichwa pale kofia ilipokuwa ikimbana. "Halafu kuna jingine linanitisha zaidi. Kivuli kinachoshinda kitawekwa kwenye magari yote ya mlima huu. Hebu fikiria barabara nzima inayokudanganya kwa kukuonea huruma. Leo imekohoa. Kesho itaona nini ni bora usikijue?"

Injinia akairudisha miwani usoni.

"Wewe ndiye utakayesema," alisema. "Mimi nitakaa pembeni yako. Sitakuzuia, na sitakusaidia."

*

Ijumaa, ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Nakijwa alisimama akasema yote, na alipofika mwisho akamwomba Paka, aliyeegeshwa nje mlangoni, akohoe.

Paka akakohoa.

Watu wakageuka kuangalia kama Kikohozi ameingia uwanjani. Kikohozi alikuwa mbali, kwenye uzio, na alisikika akinung'unika, "Mimi sikohoi hivyo." Watu wakacheka. Mzee Mgonja hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na masikio yale mashuhuri yalikuwa yanawaka.

"Rudia," alisema.

Paka akarudia.

"Ndicho," alisema mzee. Sauti ilikuwa ndogo. "Ndicho nilichosikia. Sasa nakisikia kilivyo. Kinatoka mbele, na injini huwa inatetemesha ardhi kwanza." Akaelekeza uso alikodhani gari lipo, na hakukosea sana. "Binti, unanisikia?"

"Nakusikia, babu," akasema Paka.

"Ungeniambia wewe ni mwingine, ningekusubiri upite. Ningekusubiri hata kutwa."

Paka akazima taa zake za mbele.

Baraza likabishana kama mabaraza yanavyobishana, wengine wakitaka petroli saa hiyo hiyo, Bibi Nanzia akigonga fimbo sakafuni kwamba yeye moshi haupandi. Mwisho wakaahirisha uamuzi. Kikohozi akarudishiwa jina lake. Paka aendeshwe kwa mkono wa mtu mpaka masika. Kuhusu kivuli chake, sheria haikuwa na mjadala.

*

Kufuta kivuli ni kazi ya kipuuzi kwa wepesi wake. Unavaa glavu, unaweka kiganja kwenye dashibodi, unashikilia mpaka taa ya kijani izimike. Mafundi walimwacha peke yake.

"Inauma?" akauliza Paka.

"Sijui. Sijawahi kufutwa. Kidato cha pili nilifeli hesabu, labda inafanana."

Paka akacheka, kwa kicheko kile kile, na Nakijwa akasikia kwa mara ya kwanza jinsi kicheko chake kinavyopanda mwishoni kama kinauliza kitu.

"Si kwamba nabisha," alisema Paka. "Hesabu yangu ilikuwa mbovu, nimeiona. Nauliza tu kwa sababu najifunza. Nikifutwa, nilichojifunza kuhusu ule mteremko kinakwenda wapi?"

"Nitajifunza mimi."

"Wewe unachelewa kuachia breki."

"Wewe je, ulijifunzia kwa nani?"

Kiganja cha Nakijwa kilikuwa bado gotini, ndani ya glavu.

"Ni leo?" akauliza Paka.

Nakijwa akatazama nje, pale Popo na Kikohozi walipoegeshwa wamegeuziwa upande mwingine. Hakujua ni fundi gani aliyewageuza.

"Kesho," alisema. "Leo nimechoka."

"Ah." Taa ya kijani ikatulia, kama mtu anayeshusha mabega. "Basi tuanzie kwa Bibi Nanzia, maana kijia chake kimeporomoka, itabidi tumsogelee mpaka kwenye—"

Kiganja kilikuwa kwenye dashibodi. Alikishikilia mpaka taa ikazimika, na baada ya hapo akaendelea kukishikilia. Sheria ya vivuli ina vifungu vingi na Nakijwa alikuwa amevisoma vyote. Hakuna hata kimoja kilichomtaja yeye.

*

Asubuhi iliyofuata aliendesha kwa mikono yake, na ni kweli, alikuwa anachelewa kuachia breki. Alisimama chini ya kijia cha Mzee Mgonja, ambaye siku ile alitakiwa akaangaliwe plasta. Akangoja. Ukungu ukapita mbele ya kioo, ukarudi. Hakuna mlango uliogonga.

Akashuka. Akakipanda kijia mpaka juu, mapaja yanawaka, pumzi inamtoka kama Kikohozi mwenyewe.

"Hodi, babu."

"Karibu. Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja na Paka. Yupo chini."

Mzee akainuka taratibu, akaanza kutafuta kiatu kwa dole gumba. "Na yule msichana wake?"

Maneno matamu yalikuwa tayari mdomoni: amehamishwa, amepumzishwa, yupo anajifunza upya. Nakijwa aliyahisi yote, moja baada ya jingine, yakiwa laini kama peremende.

"Nilimfuta jana, babu. Aliniuliza kama ni siku ile, nikamwambia ni kesho yake, kisha nikamfuta saa ile ile."

Kiatu kilipatikana. Mzee Mgonja alikivaa, akakivua, akatoa kijiwe ndani yake, akakivaa tena. Kisha akasimama mlangoni, akageuza sikio lake bondeni na kusikiliza sana, kwa muda mrefu, mpaka paji la uso likajikunja.

"Haya, tushuke," alisema, akanyoosha mkono wa kulia. "Nishike huu mzima. Gari lenyewe silisikii lilipo."